Mtoto wa Miaka Sita na Tranka Lake



Juma lililopita, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja wa parokia yetu alinifuata ofisini akiwa amemshika mkono mwanaye wa kiume. Alikuwa na shida mbili ndogo: nakala ya cheti cha ubatizo cha mtoto, na barua fupi ya Paroko ya kumtambulisha katika shule moja iliyoko mkoa mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Nikamwuliza mtoto ana miaka mingapi. Hakujibu kwa maneno. Aliinua vidole 6, kisha akafunua mdomo na kulisukuma kwa ulimi jino la mbele lililokuwa likicheza, ili nami nilione.

“Atakuwa analala bweni, Mama?” nikauliza.

“Si bweni, Padre. Bweni si Serikali imelikataza kwa wadogo? Hawa wanalala kwa matroni. Mwanzoni watalia kidogo, lakini mwalimu amenihakikishia kwamba baada ya wiki 2 wanakuwa wamezoea.”

Barua sikuiandika siku ile. Nilimwomba mama yule anipe juma moja nifikiri, naye kwa upole akakubali, akaniruhusu pia nilieleze jambo hili hapa mradi nisimtaje. Basi haya ndiyo niliyofikiri.

Niungame kwanza. Barua ya namna hiyo niliwahi kuiandika, yapata miaka 10 iliyopita, kwa ajili ya binti wa umri huohuo. Niliiandika kwa dakika tano, nikagonga muhuri, nikaendelea na kazi nyingine. Desemba ya mwaka ule nilialikwa nyumbani kwao kubariki chakula cha Noeli. Mtoto alikula upesi, akaosha sahani yake, kisha akaja kusimama kando ya kiti cha mama yake, mikono nyuma, akasema: “Madam, naomba ruhusa niende chooni.” Watu wazima tulicheka sana. Baba yake akanigeukia kwa fahari: “Unaona nidhamu hiyo, Padre? Amezoea kabisa.” Nami, nasikitika kusema, nilimsifu mtoto yule kwa heshima aliyojifunza, nikaongezewa pilau.

Sitaki kusema zaidi ya ninachokijua. Binti yule leo ni msichana mkubwa, anasoma vizuri, na siwezi kudai kwamba bweni lilimharibu. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile mtoto alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni nyumbani kwake mwenyewe, akimwita mama yake kwa cheo cha mtu mwingine, na sisi tuliokuwa mezani, mmojawapo akiwa padre, hatukuona ila nidhamu. Neno lile “amezoea” ndilo ninalotaka tulitazame, kwa sababu naamini linatudanganya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa na desturi ya kuwazuia wazazi wasiwatembelee watoto wao waliolazwa, au kuwaruhusu kwa saa chache tu kwa juma. Wauguzi walikuwa na hoja yenye nguvu: mtoto hulia mama anapokuja na tena anapoondoka, asipotembelewa hutulia. Mtumishi mmoja wa ustawi wa jamii, James Robertson, ambaye alifanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby, hakuridhika na utulivu huo. Aliketi wodini akitazama. Aliona kwamba mtoto mdogo aliyetengwa na mama yake hulia kwanza kwa hasira na kumwita. Kisha hulia kwa sauti ndogo, au hujikunyata kimya. Na mwishoni huchangamka tena, hula, hucheza, humpokea mtu yeyote, ila mama anapokuja humtazama kana kwamba hamjui. Hatua hii ya tatu ndiyo ambayo wauguzi waliiita kuzoea. Mwaka 1952 Robertson alionyesha filamu ya binti wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo. Madaktari wengi walikasirika. Lakini waliokubali kuitazama kwa makini waliona kitu ambacho hapo awali hawakukiona, na mwaka 1959 kamati iliyoundwa na serikali ya huko ilipendekeza wazazi wafunguliwe milango ya wodi. Hapa kwetu leo nani angethubutu kumwambia mama asikae na mtoto wake wodini? Tunalala naye kitanda kimoja, na hata sakafuni.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya Wazungu, sisi watoto wetu hulelewa na ukoo mzima. Ni kweli, na nitalirudia. Lakini yafaa mjue kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia jirani zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Uganda. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, miezi kwa miezi, akiketi sebuleni na akina mama na kutazama watoto wachanga tu. Alikuwa amesikia juu ya desturi ya zamani ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake siku anapoachishwa ziwa, ili asahau. Akataka kujua mtoto hupatwa na nini. Alikuta kwamba desturi ile ilikuwa imekwisha kufifia sana. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, upande huu wa Mutukula, na niliwahi kusikia wazee wa kwetu wakisimulia jambo linalofanana na hilo. Ainsworth aliona kitu ambacho kila mama wa Kiganda alikijua bila kukiandika: mtoto anayetambaa huenda mbali na mama yake kwa ujasiri, akachunguza kiti, kuku, sufuria, mradi akigeuka amwone mama yupo. Mama akiondoka, uchunguzi nao hukoma. Yaani kushikamana na mama si kinyume cha ujasiri, ndiko kunakouzaa. Kitabu chake alikichapisha mwaka 1967, na mpaka leo wanaosoma malezi ya watoto huwataja watoto wale wa Buganda.

Nalitaja hili kwa sababu akina baba wengi huniambia kwamba mtoto akikaa mno na mama atakuwa legelege. Wanataka awe jasiri mapema. Watoto wale wa Buganda wangewajibu.

Tazameni jinsi Mungu alivyompanga mtoto akue. Siku anapozaliwa, macho yake huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na huo ndio umbali kati ya ziwa na uso wa mama. Sauti ya mama anaifahamu tangu tumboni. Katika wiki ya sita au ya nane hutabasamu kwa kumkusudia mtu, na nyumba nzima hubadilika. Karibu na mwezi wa nane, mtoto aliyekuwa akipokelewa na kila mtu baada ya Misa ghafla humkatalia hata shangazi yake, hulia na kujificha kifuani. Wazazi huona aibu, huomba radhi. Msiombe radhi! Mtoto amekwisha kujua nani ni wake. Hutembea akiwa na mwaka mmoja hivi, wengine mapema kidogo, wengine hata miezi 18, wala si mashindano. Kufikia miaka 3 anazungumza, anauliza, anakataa. Neno “sitaki” ni la umri huo, na mzazi anayelichukua kuwa ni uasi atachoka bure.

Mambo hayo yote tunayafuatilia kwa bidii. Mama hubeba kadi ya kliniki, mtoto hupimwa uzito na kupewa chanjo kwa zamu, na mstari ukishuka muuguzi hugomba. Kisha mtoto anafikisha miaka 5, kadi inawekwa ndani ya begi la nyaraka pamoja na hati ya kiwanja, na kuanzia hapo hakuna anayempima tena kwa kitu chochote isipokuwa mtihani. Nadhani hapo ndipo kosa letu linapoanzia. Tumeaminishwa kwamba malezi ni kazi ya miaka mitano ya kwanza na ada ni kazi ya miaka inayofuata.

Kuna jambo la kitaalamu linaloweza kutupoteza. Ubongo wa mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka 6 huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wake. Basi tunadhani amekwiva. Lakini ukubwa wa nyumba si samani zake. Viunganishi vya ndani huendelea kupangwa miaka mingi, na sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayomsaidia mtu kujizuia, kupima matokeo na kutuliza hasira, hukomaa mwisho kabisa, mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Mtoto wa miaka 6 bado hawezi kila mara kujituliza peke yake usiku. Hutulizwa na mtu mwingine, na kwa kutulizwa mara elfu ndipo hujifunza kujituliza. Akikosa wa kumtuliza, hunyamaza, maana kilio kisichojibiwa huchosha. Mlezi mmoja mwenye watoto 40 atawajibu wangapi kwa usiku mmoja, hata awe mtakatifu?

Kanisa nalo limeuheshimu umri huu kwa namna yake. Papa Pius wa Kumi, aliposhusha umri wa Komunyo ya Kwanza mwaka 1910 hadi kwenye mwaka wa saba hivi, hakuuachia utaratibu wa ofisi uamue kama mtoto yuko tayari. Aliwaachia mzazi na muungamishi. Hao ndio wamjuao. Nami najiuliza, mzazi anayemwona mtoto wiki 8 kwa mwaka atajuaje kwamba mwanaye ameanza kupambanua mema na mabaya?

Serikali yetu, mwezi Machi 2023, kwa waraka wa Kamishna wa Elimu, ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Niliupokea waraka ule kwa furaha, ingawa nawajua ndugu zangu mapadre na masista ambao hawakufurahi. Tusifichane. Kanisa lina shule nyingi za bweni, na baadhi yake zilikuwa zikipokea watoto wadogo sana. Ada zao zililipa mishahara na kujenga madarasa. Tulikuwa tukiliita jambo hilo huduma, na mara nyingine lilikuwa huduma kweli, kwa yatima na kwa watoto wa mazingira magumu. Lakini si wote waliokuwa yatima. Sasa marufuku ipo, na tayari tumeshavumbua majina mapya: “kwa matroni”, “hosteli ya jirani”, “malezi ya karibu”. Ukibadilisha jina la chumba, kitanda kinabaki kilekile, na anayelala juu yake ana miaka ileile 6. Shule ya kanisa ikifanya hivyo, naona ni vibaya zaidi kuliko ikifanywa na mfanyabiashara, kwa kuwa sisi tunahubiri juu ya familia kila Dominika.

Katika mkutano wa jumuiya, mzee mmoja msomaji mzuri wa Biblia alinipinga kwa hoja ambayo nilistahili kuipata. “Baba Paroko,” alisema, “mbona Hana alimpeleka Samweli hekaluni mara tu alipomwachisha ziwa?” Watu wakanitazama. Nilimjibu kwamba Hana alikuwa na nadhiri, na Samweli alikuwa na wito. Sisi tuna fomu ya kujiunga. Lakini nikamwomba pia afungue sura inayofuata, ambapo imeandikwa kwamba mama yake alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Fikirini kazi hiyo: kila mwaka mama anakata kitambaa, akikisia mtoto amerefuka kiasi gani tangu alipomwona. Sijui kama ilimtosha. Wala tusisahau kwamba mlezi wa Samweli alikuwa Eli, mzee mwema ambaye wanawe mwenyewe walimshinda. Mzee wetu alicheka, akasema atakwenda kuisoma tena.

Wengine hunitupia methali: samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi nayo. Naomba tu izingatiwe kwamba haisemi umpelekee mtu wa mkoa mwingine akukunjie.

Sasa niseme juu ya wakubwa wao, kwa sababu hapo tunakosea kinyume chake. Mimi mwenyewe nilipelekwa seminari ndogo nikiwa na miaka 14, katikati ya miaka ya 1990, na tranka langu la bati lililoandikwa jina kwa rangi nyeupe. Usiku wa kwanza nililia ndani ya blanketi, na nadhani bweni zima lililia, kila mmoja akijidai ana mafua. Lakini nililia huku nikijua ninamlilia nani. Nilikuwa nimekaa miaka 14 katika nyumba moja, nilimjua baba anapokasirika na anapojuta, nilijua mama anapokosa chumvi husema nini. Nilichukua vyote hivyo katika safari, na hakuna mlezi wa seminari aliyelazimika kunipa upya. Kwa hiyo sisemi kwamba bweni ni baya. Nasema lina umri wake.

Kijana wa miaka 14 au 15 anahitaji kuanza kwenda mbali. Msichana huanza kubadilika mwili kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14, na pamoja na mwili hubadilika usingizi, hasira, haya, na watu anaotaka kukaa nao. Hata usingizi wenyewe humjia akiwa amechelewa, kwa sababu mwili wake sasa hutoa kichocheo cha usingizi usiku zaidi kuliko zamani. Nasi tunamwamsha saa 10 alfajiri akajisomee na kumwita mvivu. Rafiki kwake ni mkubwa kuliko mzazi, na hilo si dharau. Wazee wetu walilijua. Ndiyo maana kijana wa umri huu hawakumwachia baba na mama peke yao: pwani palikuwa na somo na kungwi, bara palikuwa na shangazi, mjomba, babu. Mtu mzima ambaye si mzazi, lakini ni wa nyumbani, aliyeweza kuulizwa maswali ambayo mzazi haulizwi. Leo watu hao tumewatawanya, na kijana anauliza simu.

Nasi tunafanya nini? Yuleyule tuliyempeleka mbali akiwa na miaka 6, akifika 16 ndipo tunashtuka, tunataka kumrudisha karibu kwa nguvu. Tunapekua simu yake, tunamkataza kwaya ya vijana kwa kuwa hurudi saa 1 jioni, tunamleta kwa Padre “aongee naye”. Wazazi wa binti niliyemtaja hapo juu walinijia mwaka huu kwa shida hiyohiyo: “Haongei nasi, Padre.” Niliwasikiliza kwa unyenyekevu wa mtu aliyegonga muhuri.

Mchungaji wa mbuzi hufunga kamba fupi kwanza, karibu na nyumba, kisha siku hadi siku huirefusha kadiri mbuzi anavyoijua njia. Sisi tumeanza na kamba ndefu kupita zote, tukimaliza na fupi.

Mama yule wa ofisini hana hatia katika haya yote, na sitaki mtu ampigie mahesabu. Mume wake yuko mgodini Geita, hurudi mara moja baada ya miezi 3. Yeye anafanya kazi hotelini kwa zamu, na zamu ya jioni humrudisha saa 5 usiku. Dada wa kazi aliondoka mwezi Septemba, na bibi mzaa mama alifariki mwaka jana. Niambieni ninyi angefanya nini. Anapoambiwa kwamba mahali fulani kuna lango, uji, Kiingereza na matroni, anaona mwanaye ameokoka. Kumwambia tu kwamba mtoto anahitaji mama ni kumwongezea mzigo, kana kwamba halijui hilo kuliko mimi. Hajawahi kuniomba nimfundishe saikolojia. Aliniomba barua.

Basi Jumatatu nilikwenda kuongea na mwenyekiti wa jumuiya yake. Kumbe nyumba ya nne kutoka kwake anaishi mwalimu mstaafu, mjane, ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam, na ambaye kwa maneno yake mwenyewe anazungumza na redio. Amekubali kumpokea mtoto siku za zamu ya jioni, ale kwake, afanye kazi za shule, alale hapo mpaka mama apite kumchukua au asubuhi ipambazuke. Mama atachangia unga na mafuta ya kupikia. Wanawake wawili wa jumuiya wamejitolea Jumamosi. Si mpango kamili, na sijui utadumu muda gani. Mwalimu ana presha, na zamu za hoteli hubadilishwa bila taarifa. Baba wa mtoto nimempigia simu, hakufurahi sana kwa sababu ya Kiingereza, lakini amesema tujaribu hadi Juni.

Alhamisi mama atapita ofisini. Cheti cha ubatizo kiko tayari, nacho ni haki ya mtoto aende asiende. Barua ya shule sijaiandika.

Jino, naambiwa, liling'oka Jumanne jioni akiwa anakula muhindi kwa mwalimu. Alikataa lisitupwe mpaka mama yake arudi. Saa 5 na robo usiku walitoka nje wote watatu na tochi ya simu, akalirusha mwenyewe juu ya paa.